Maswali ya Wasomaji: Askari Waliotumwa Vitani Kuhesabu Malori

Toleo lililopita niligusia juu juu tu kile kikosi cha upelelezi cha Waingereza, Long Range Desert Group, kilichozunguka majangwa ya Misri na Libya kuanzia 1940 mpaka 1943, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, nikajua yameisha. Wapi! Meseji zimemiminika, wengine mnauliza, wengine mnabishana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja kanitukana kidogo ila nimemsamehe. Haya, leo safu nzima ni yao.

*Shikamoo Anko. Hapa kijiweni tunabishana, mmoja anasema askari wa upelelezi ndo makomandoo wenyewe, wanaingia usiku wanalipua ndege wanasepa, mwingine anasema wale kazi yao kuangalia tu. Aliyeshindwa analipa soda za watu wote. Nani alipe?*
*Kijana wa Chumbageni, Tanga*

Marahaba mwanangu. Wa makomandoo alipe, ila mpunguzieni kidogo maana hajakosea kabisa. Hawa jamaa walishambulia kweli, Januari 1941 waliivamia ngome ya Murzuk ya Waitaliano, adui waliokuwa wanatawala Libya, wakiwa na Wafaransa kutoka Chad, Septemba 1942 wakaingia uwanja wa ndege wa Barce usiku wakachoma ndege nyingi tu. Na hao SAS, makomandoo wa Kiingereza mnaowaona kwenye sinema, mwanzoni walijaribu kushuka kwa miamvuli Novemba 1941 mambo yakaharibika vibaya, waliobaki wakaokotwa na hawa hawa wapelelezi, na toka hapo ikawa SAS wanabebwa na malori ya wapelelezi mpaka karibu na uwanja wa ndege, wanafanya yao, wanarudishwa. Kama teksi vile.

Lakini kazi iliyowafanya wakubwa kule Cairo wawathamini haikuwa hiyo. Kulikuwa na barabara moja tu kubwa ya pwani ya Libya, kutoka Tripoli kwenda Benghazi, na kila kifaru, kila lori la petroli, kila askari wa Rommel, yule jenerali wa Wajerumani, aliyeshushwa bandarini Tripoli lazima apite hapo. Basi kuanzia Machi 1942 mpaka Julai, mchana na usiku bila kukatisha, wapelelezi wakawa wamelala pembeni ya hiyo barabara wanahesabu, mamia ya kilomita nyuma ya jeshi la adui, sehemu iliyokuwa karibu na lile tao kubwa la mawe ambalo Waitaliano walilijenga 1937. Baadaye mwaka huo huo wakarudi tena, wakati wa vita vya El Alamein.

Namna ilivyokuwa ni hivi. Malori yanafichwa kwenye korongo kama kilomita tatu toka barabarani, yanafunikwa nyavu na vichaka. Kabla hakujapambazuka watu wawili wanatembea mpaka wanafika kama mita 300 na kitu toka lami, wanalala chini, na hapo ndo wamefika, mpaka giza liingie. Hakuna kusimama, hakuna kukaa, vichaka vyenyewe vimefika magotini tu, ukitaka kujinyoosha unajinyoosha umelala, haja ndogo utajua mwenyewe. Mmoja anashika darubini mwingine anashika daftari na kitabu chenye picha za magari ya adui, lori la tani ngapi, limebeba nini, kifaru aina gani, linaelekea mashariki au magharibi. Likipita moja wanaandika, yakipita mia wanaandika mia. Usiku ukiingia wanasogea mpaka karibu kabisa na lami, wanahesabu kwa mlio wa injini na kivuli, halafu kabla ya asubuhi wanakuja wawili wengine kuwapokea.

Doria moja inakaa siku kumi hadi wiki mbili hivi, huku doria nyingine iko njiani inakuja na nyingine iko njiani inarudi, kwa hiyo barabara haiachwi. Wakiona vifaru vingi vinapita wanatuma ujumbe kwa redio siku hiyo hiyo, vinginevyo hesabu yote inaenda nao wakirudi. Kuna wakati msafara mzima wa adui uliamua kupiga kambi hapo hapo, wanapika, wanapiga soga, na wapelelezi wamelala mchangani hatua chache tu wanawasikiliza. Sasa wewe kijana wa Tanga niambie, hapo komando anatumia bunduki gani? Ukipiga risasi moja umewaua wenzako wote kule korongoni, na barabara imefungwa kwenu moja kwa moja. Ujasiri wa kunyamaza ni mgumu kuliko wa kupiga, huo ndo msimamo wangu na sibadilishi.

*Mzee, mimi dereva wa lori, napiga Dar Tunduma. Nikikwama kwenye mchanga wa mita mbili tu najuta kuzaliwa. Hao walipitaje jangwani miaka hiyo? Na njia waliijuaje?*
*Dereva, Makambako*

Dereva pole na barabara. Siri yao ya kwanza alikuwa Meja Ralph Bagnold, mwanajeshi aliyekuwa anatumia likizo zake za miaka ya 1920 na 1930 kuzunguka jangwa hilo hilo na magari ya Ford kwa starehe tu, mpaka watu wakamwona ana kasoro. Vita ilipofika Misri akaenda na wazo lake kwa Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Waingereza huko, na kufika Julai 1940 kikosi kimeanzishwa. Madereva wake wa kwanza wengi walikuwa askari wa New Zealand, vijana wa mashambani waliozoea kutengeneza gari wenyewe bila kusubiri fundi wa mjini, na waliotaka kujiunga walikuwa wengi kuliko nafasi.

Kwenye mchanga walipunguza upepo wa matairi, kama unavyofanya wewe. Likizama kabisa walichimbua mchanga kwa majembe wakasukumia mbele ya tairi vipande virefu vya chuma, lori linapanda linatoka mbio, halafu watu wanaokota vile vyuma vya moto wanakimbilia kuviweka tena mbele. Wote wanachimba, mwenye cheo na asiye nacho. Na rejeta sasa, hii utaipenda: ule mpira wa kumwagia maji ya ziada waliuunganisha na kopo lililofungwa pembeni ya gari likiwa na maji nusu. Rejeta ikichemka mvuke unaingia kwenye kopo unageuka maji, ikizidi kabisa wanasimama wanaelekeza pua ya gari kwenye upepo, injini inapoa, na rejeta inanyonya maji yake yenyewe kurudi ndani. Tone halipotei.

Njia waliipata kwa jua. Dira ya kawaida ndani ya gari la chuma inachanganyikiwa, kwa hiyo Bagnold alikuwa na dira ya jua, kisahani chenye digrii na sindano imesimama katikati, unaendesha huku unafuata kivuli. Mwelekezaji anaandika spidi na uelekeo kila wanapobadilisha, na usiku anatoa chombo cha kupimia nyota, anashika saa kwa mlio wa redio, anapiga hesabu wanajua wako wapi. Kiangazi saa sita mchana jua likisimama utosini kivuli hakuna, basi wanaegesha, kila mtu anaingia uvunguni mwa lori lake.

*Assalaam aleykum kaka. Swali langu dogo, nimelea watoto wa kiume watano najua fujo zao. Hao wanaume karibu thelathini peke yao jangwani, nani alikuwa anapika, wakaoga wapi, na hawakugombana?*
*Mama Watano, Kisauni, Mombasa*

Waaleykum salaam mama. Swali lako ndo bora kuliko yote na halikuwa dogo.

Mwanzoni kweli doria moja ilikuwa na watu kama 30 na malori 11, baadaye wakaigawa nusu kwa nusu ili wasionekane kirahisi toka angani, ikawa watu 15 hadi 18 hivi na magari matano au sita. Mpishi alikuwepo, ila wakati wa kazi mpishi naye ni askari ana bunduki yake. Moto wao ulikuwa debe, mama, debe la petroli la galoni 4 kama yale tuliyopimia mahindi, wanalikata, wanajaza mchanga, wanamwagia petroli wanawasha kiberiti, sufuria juu. Yale madebe yalikuwa mepesi hayana maana, petroli ilivuja kibao njiani, wakayalaani kila siku, lakini bila hayo hakuna chai. Chakula ni nyama ya kopo, samaki wa kopo, bisikuti ngumu, jibini, jemu, vitunguu, na jioni ukifika kuna juisi ya ndimu na tone la ramu kwa wanaokunywa. Wanajeshi wengine waliwaonea wivu maana mgao wao ulikuwa mzuri kuliko wa kambini.

Kuoga? Maji yalipimwa kwa kila mtu na yalikuwa ya kunywa na kupikia basi. Sahani zinasuguliwa kwa mchanga, ndevu zinaachwa ziote, ukirudi kambini baada ya wiki tatu mama yako mzazi anakupita. Walivaa champali za ngozi badala ya mabuti na wengine wakajifunga vilemba vya Kiarabu kuzuia vumbi, mchana kaptula tu, usiku wa baridi makoti ya ngozi ya kondoo, maana jangwa usiku baridi yake inaingia kwenye mifupa. Wakifika kituo chao cha Siwa, ile oasisi ya mitende upande wa Misri, kwanza kabisa kabla ya barua kabla ya chochote, wanajitupa kwenye visima vikubwa vya chemchemi na nguo zao. Na mbu wa Siwa nao wanawasubiri.

Kuhusu ugomvi, watu ni watu, lakini angalia ratiba ya jioni utaelewa kwa nini ulikuwa na mipaka. Magari yakisimama hakuna anayekaa. Mtu wa redio anasimamisha waya wake anaanza kutafuta mawasiliano, na alituma kwa mtindo wa kampuni za biashara ili adui akisikia asijue ni jeshi. Mwelekezaji yuko na nyota zake. Fundi yuko chini ya gari na tochi. Wa bunduki wanatoa mchanga kwenye bunduki, mpishi anapika, wengine wanatandaza nyavu. Kila mmoja anajua akizembea yule mwenzake atakufa kesho, na huyo mwenzake ndo anayempikia usiku huu. Mtu wa namna hiyo unamnunia mpaka lini? Na aliyeonekana hawezi kukaa na wenzake hakufukuzwa kwa kelele, doria ikirudi anaambiwa arudi kwenye kikosi chake cha zamani, basi. Kwao hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko kufungwa.

Cheo nacho kilikuwepo lakini saluti na kung'arisha vifungo viliachwa Cairo. Afisa analala mchangani pembeni ya lori kama kuruta.

*Anko habari. Watu wanasifia urafiki wa jeshini lakini mi nauliza, ikifika kufa na kupona kweli mtu anamngoja mwenzake? Tupe mfano ulio kweli, siyo maneno.*
*Msomaji wa Nakuru*

Nzuri tu. Mfano upo, na siyo mtamu moja kwa moja kama unavyotaka.

Tarehe 31 Januari 1941, baada ya Murzuk, doria moja ikiongozwa na Pat Clayton ilikuwa inaelekea Kufra, oasisi ya kusini mashariki mwa Libya, ikanaswa na Waitaliano kwenye bonde la mawe linaloitwa Jebel Sherif, magari chini na ndege juu. Malori yakaungua, Clayton akatekwa, waliosalimika wakakimbia na magari yao wakijua wenzao wamekufa au wameshikwa. Kumbe wanne wamejificha kwenye mawe. Moore wa New Zealand ana kipande cha chuma mguuni, Easton ana jeraha shingoni, na wengine wawili ni Winchester na Tighe. Wana maji kama lita 8 kwenye chombo kimoja, kwa watu wanne, na chakula karibu hakuna, kesho yake ndo wakaokota chupa ya jemu iliyodondoka.

Kufra ipo upande wa kaskazini, Waitaliano wapo, maji yapo, wajisalimishe waishi. Wakakataa. Wakaamua kufuata alama za matairi ya wenzao kwenda kusini kwa Wafaransa, kwa miguu, kwenye jangwa ambalo hata ngamia wanalipita kwa shida.

Sasa hapa ndo jibu lako. Tighe alikuwa na maumivu ya zamani mwilini, akaanza kubaki nyuma, akawaambia wamwache. Walimwacha. Ila kwanza walimpimia sehemu yake ya maji, wakaitia kwenye chupa, wakamkabidhi, halafu ndo wakaenda. Fikiria watu wenye kiu ya namna ile, hakuna anayewaona, hakuna atakayewauliza, wanapima maji ya mtu wanayeamini hatawafikia. Mimi hapo ndo naona kila kitu, kuliko kama wangebaki wote wanne wakafa pamoja wameshikana mikono.

Wakafika kisima cha Sarra, kimefukiwa na adui. Tighe naye kwa kujikokota akafika Sarra baadaye, akajilaza kwenye vibanda vilivyokuwepo. Watatu wakaendelea, upepo umefuta alama. Ndege ya Kifaransa ikawaona ikawadondoshea chupa ya maji ya limau, kizibo kikafunguka hewani, wakapata funda mbili tatu. Easton akaanza kubaki, halafu Winchester naye akawa anaweweseka. Wafaransa walipomkuta Tighe pale Sarra, akawaambia kuna watatu mbele, wakafuata nyayo. Easton wakamkuta hai, wakampikia chai nyepesi wakaitia sukari, na inasimuliwa kwamba alitabasamu akasema yeye chai huwa anakunywa bila sukari. Jioni hiyo akafariki. Moore walimkuta bado anatembea, siku kumi toka waanze, kama kilomita 340, na tena akachukia kidogo kukatishwa maana aliona kisima kinachofuata angekifikia mwenyewe. Alipewa nishani.

*Mhariri, hizi hadithi zenu kila siku Wazungu Wazungu. Jangwa ni la Afrika. Waafrika walikuwa wapi?*
*Mswahili, Muscat*

Huyu ndo aliyenitukana, nimemsafishia lugha. Na ana hoja.

Kikosi chenyewe kiliandikisha watu wa New Zealand, Waingereza na walowezi wa Rhodesia ya Kusini, na baadaye kukawa na kikosi ndugu cha Wahindi. Lakini bila Waafrika wasingefika mbali. Kufra ilitekwa tarehe 1 Machi 1941 na Leclerc, kamanda wa Kifaransa, na jeshi lake lilikuwa la askari weusi wa Chad na makoloni mengine ya Ufaransa, maafisa tu ndo Wazungu wengi. Baada ya hapo oasisi hiyo ililindwa na jeshi la Sudan, na Wasudani hao hao waliendesha misafara ya malori toka Wadi Halfa kwenye Mto Nile, zaidi ya kilomita 1,000 za mchanga, kupeleka petroli na chakula ambacho wapelelezi walikula. Hao hawana sinema. Wabedui wa Libya nao walificha askari waliopotea, wakawapa maziwa na habari, na wakikamatwa na Waitaliano ni kitanzi.

Na wa kwetu pia walikuwepo upande ule, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipelekwa Mashariki ya Kati kwenye vikosi vya kazi, kupakua meli, kujenga barabara, kulinda maghala. Siyo upelelezi, lakini risasi iliyofika mbele kuna mgongo wa mtu wa huku ulioibeba. Wazee waliokwenda Burma na KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wamesemwa sana, hawa wa Misri wamesemwa kidogo mno, kama nyumbani kwenu kuna picha au kitabu cha malipo cha babu wa upande huo tuandikieni, tutachapisha.

*Naomba kujua mambo mawili tu. Nembo yao ilikuwa nini na waliishia wapi?*
*Mwanafunzi, Iringa*

Nembo ni nge ndani ya duara. Inasemekana askari aliyeichora alikuwa amegongwa na nge kule jangwani, mtu akapona, nge akafa, wenzake wakacheka wiki nzima.

Walipoishia, 1943 jangwa likaisha kwa maana ya vita, wakapelekwa Lebanon kujifunza milima, na kuanzia Septemba mwaka huo wakatupwa kwenye visiwa vya Ugiriki kupigana kama askari wa kawaida wa miguu. Kwenye kisiwa cha Leros aliuawa kamanda wao, Jake Easonsmith, na wengi wakakamatwa. Kwa maoni yangu ule ulikuwa upuuzi wa wakubwa, kumchukua mtu aliyejifunza miaka mitatu kutoonekana ukamweka mtaroni aonekane. Watu wa New Zealand waliondolewa baada ya hapo, serikali yao ilikasirika, waliobaki wakaendelea Italia na nchi za Balkani, na kikosi kikavunjwa Agosti 1945.

Toleo lijalo tuna maswali ya mabaharia, na dereva wa Makambako nitumie picha ukijaribu lile kopo la rejeta.